Wasomaji Wauliza: Shada la Krismasi Lisilosambaratika Kabla ya Sikukuu

Barua zilizotufikia kuhusu mashada ya Krismasi ya kujitengenezea zinafanana kwa jambo moja. Karibu kila mwandishi amewahi kutengeneza shada likapendeza siku ya kwanza, na kufikia siku ya tano likawa limelegea, limenyauka upande mmoja au limeanguka kabisa mlangoni. Wengi hudhani kosa liko kwenye mapambo, kwa hiyo wanatuomba orodha ya mapambo mapya. Mimi naona kosa huwa chini zaidi, kwenye kiunzi na kwenye ufungaji, na ndiyo maana majibu yafuatayo yanakaa sana huko na kupita haraka kwenye tepe na vimetameta.

Nina hanga za waya zisizotumika na miti yenye majani mabichi mwaka mzima. Mwaka jana nilikunja hanga moja duara, nikachomeka matawi, lakini yote yaligeuka na kuning'inia upande wa chini. Nilikosea wapi? – Msomaji anayeanza

Jibu liko ndani ya swali lako: ulichomeka. Waya wa hanga ni mwembamba na laini, kwa hiyo tawi lililochomekwa halina pa kung'ang'ania; likianza kukauka, shina lake husinyaa, nafasi kati yake na waya hupanuka, kisha uzito wa majani hulivuta mpaka likaangalia chini. Shada hujengwa kwa kufunga.

Chukua hanga mbili badala ya moja, uzikunje duara zinazolingana, uzilaze pamoja na kuzifunga kwa waya mwembamba kila baada ya sentimita 8 hivi. Kisha zungushia kiunzi chote ukanda wa kitambaa chakavu wenye upana wa sentimita 3. Kitambaa hicho ndicho kinachozuia matawi kuteleza, na hakitaonekana kamwe, kwa hiyo hata shuka kuukuu litafaa. Kama huna hanga, mzabibu au mmea mwingine wowote wa kutambaa unaokunjika hutoa kiunzi kizuri zaidi, mradi uukate ukiwa mbichi au uuloweke usiku kucha ulainike, kisha uusokote duara mara tatu au nne, kila mzunguko ukipita juu na chini ya ule uliotangulia.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hupungukiwa. Tuseme kiunzi chako kina kipenyo cha sentimita 28. Ukizidisha kwa 3.14 utapata mzingo wa sentimita 88. Kila kicha cha majani hufunika sentimita 5 au 6 za kiunzi, kwa hiyo utahitaji vicha 15 hadi 18, na kila kicha kina vijitawi vinne au vitano vyenye urefu wa sentimita 12 hadi 15. Hivyo ni vijitawi 60 hadi 90. Anayeanza na vijitawi 30 hulazimika kuvitawanya, na kiunzi kikishaonekana hakuna utepe utakaokificha.

Kufunga kwenyewe ni hivi. Fungasha mwanzo wa waya mwembamba kwenye kiunzi kwa fundo, na usiukate tena mpaka mwisho wa kazi. Laza kicha cha kwanza, bana mashina yake kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, halafu zungusha waya mara tatu ukiuvuta kila mara, mpaka uone umezama kidogo kwenye gome. Kuzama huko ndiko unakokutafuta, kwa sababu tawi litasinyaa baadaye na waya uliolegea leo utakuwa pete tupu wiki ijayo. Laza kicha cha pili ili majani yake yafunike mashina ya cha kwanza, ukielekeza kicha kimoja ndani kidogo, kinachofuata nje, na kinachofuata katikati, na uendelee hivyo kuelekea upande uleule. Ukifika mwisho, inua majani ya kicha cha kwanza, ingiza mashina ya kicha cha mwisho chini yake, funga, kisha kata waya na kuusokotea nyuma ambako hautachubua mlango.

Kabla ya kuweka pambo lolote, lishike shada kwa mkono mmoja na kulitikisa kwa nguvu. Kitakachodondoka sasa kingedondoka mlangoni.

Nilibandika koni ishirini za msonobari kwa gundi ya moto. Jioni shada lilikuwa imara kama jiwe. Asubuhi nikakuta koni saba sakafuni. Je, gundi ilikuwa mbovu? – Mama wa watoto watatu

Usiilaumu gundi. Mkasa huu umenipata mimi pia, na nilikuwa chumbani ulipotokea. Nilikuwa nimeokota koni baada ya mvua, zikiwa zimefumba na kushikamana vizuri mkononi, na nikazipanga zikigusana bila kuacha nafasi, nikijisifu kwa kazi safi. Usiku nikasikia mlio mdogo mkavu, kama wa ukucha unaogonga meza, kisha mwingine. Koni zilikuwa zinafumbuka, kila moja ikimsukuma jirani yake, na zile za pembeni zikaruka moja baada ya nyingine.

Kinachotokea ni kwamba kila gamba la koni lina tabaka mbili za tishu. Tabaka la upande wa nje hunywa unyevu na kutanuka zaidi ya lile la ndani, kwa hiyo hewa ikiwa na unyevu gamba hujikunja na kufumba, na ikikauka tabaka la nje husinyaa zaidi na kulivuta gamba lifunguke. Ndiyo njia ya mti ya kuachia mbegu siku kavu, ambazo upepo unaweza kuzipeleka mbali. Koni haihitaji kuwa hai ili kufanya hivyo. Hata iliyookotwa miaka kadhaa iliyopita hufumba ikiloweshwa na kufumbuka ikikauka. Ijaribu moja ndani ya bakuli la maji mbele ya watoto wako, watakusahaulisha shada.

Dawa yake ni kuzikausha koni kabla ya kuzitumia. Zitandaze kwenye trei iliyofunikwa karatasi ya alumini, uziweke ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi kwa dakika 30 hadi 45, na ukae jikoni muda wote huo, kwa kuwa utomvu wa msonobari unashika moto. Joto hilo huua pia wadudu waliojificha ndani. Asiye na oveni aziache juani siku kadhaa mpaka zifumbuke kabisa. Baadaye usitegemee gundi peke yake: pitisha waya kati ya magamba ya chini, uuzungushe, uusokote na kuacha mkia wa sentimita 10 wa kufungia kwenye kiunzi. Koni iliyofungwa kwa waya inaweza kufumba na kufumbuka itakavyo bila kwenda popote.

Utomvu ukikuganda mikononi, sugua kwanza mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Maji na sabuni bila mafuta vitauhamisha tu kutoka kidole hiki kwenda kile.

Ni majani gani yanayodumu, na nifanye nini yasinyauke kabla ya tarehe 25 Desemba? – Mpenda bustani

Jani lililokatwa huendelea kupoteza maji ilhali halina tena mzizi wa kuyarudisha, kwa hiyo yanayodumu ni yale yaliyojifunza kubana maji: majani magumu, yenye nta au yenye umbo la sindano. Misonobari, mierezi, mivinje na mikaratusi yote hufaa. Mkaratusi naupenda kuliko yote kwa sababu haunyauki kwa aibu. Hubadilika polepole kutoka kijani hadi rangi ya fedha iliyofifia, umbo lake likabaki lilelile. Majani mapana na laini, hata yakivutia vipi mtini, yatajikunja kabla hujamaliza kufagia mabaki ya kazi.

Chuma asubuhi mapema, wakati mmea umejaa maji, na kabla ya kufunga loweka mashina usiku kucha kwenye ndoo iliyo kivulini. Watu huiruka hatua hii kwa haraka ya kutaka kuanza, lakini ndiyo yenye tofauti kubwa kuliko zote. Shada likishatundikwa, lipulizie maji upande wa nyuma kila baada ya siku mbili, uliepushe na jua la moja kwa moja na chanzo chochote cha joto. Mahali pa baridi litakaa wiki tatu au zaidi; ndani ya nyumba yenye joto, hesabu siku 10 hadi 14. Kwa hiyo anayetaka majani mabichi siku ya Krismasi asifunge shada kabla ya katikati ya Desemba, au alifunge mapema akijua kwamba ameamua kuwa na shada kavu.

Kuna waandishi wanaopendekeza kuchomeka mashina kwenye sponji la kijani linalotumiwa na wauza maua. Mimi silipendekezi. Ni plastiki inayovunjika kuwa vumbi, haiozi, na ikishamaliza kazi haina pa kwenda isipokuwa jalalani.

Lingine ni sumu, nami nitalisema waziwazi kwa kuwa mashada huning'inia mahali ambapo watoto na wanyama hufika. Mmea wowote unaotoa utomvu mweupe kama maziwa, ikiwemo jamii yote ya mnyaa, usiukate bila glavu na usiguse macho, kwa maana utomvu huo unaweza kuyadhuru vibaya. Mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo wengine huziita turituri, hupendwa sana kwa mapambo kwa sababu zinang'aa kama shanga. Nazo zina sumu kali kiasi kwamba mbegu chache zilizotafunwa zinaweza kuua. Mbegu za mbarika ni hivyohivyo. Ukitaka wekundu, tumia vifungo vya nguo au vipande vya kitambaa.

Mimi ni fundi cherehani na nina magunia ya vipande vya vitambaa. Je, shada linaweza kutengenezwa bila jani hata moja? – Fundi wa nyumbani

Linaweza, na litadumu kuliko yote yaliyotajwa hapo juu. Kata vipande vyenye upana wa sentimita 2 hadi 3 na urefu wa sentimita 15, uvifunge kimoja kimoja kwenye kiunzi cha waya kwa fundo moja la kawaida, ncha zote mbili zikiangalia mbele, na uvisukume vibanane. Kwa kazi hii usizungushie kitambaa kwenye kiunzi, maana hapa tunataka mafundo yateleze na kusongamana.

Swali ambalo hakuna anayeliuliza mpaka akwame katikati ni idadi ya vipande. Itategemea uzito wa kitambaa, kwa hiyo usiamini nambari ya mtu mwingine: funga sentimita 10 za kwanza zikiwa zimebanana unavyotaka, hesabu mafundo, kisha zidisha kulingana na mzingo wako. Ukipata mafundo 15 kwa sentimita 10, mzingo wa sentimita 88 utahitaji vipande 132. Ndipo ujue kama kile kitambaa cha kijani ulichokipanga kinatosha, au uanze kuchanganya tangu mwanzo ili rangi isikatike ghafla robo tatu ya njia. Hilo la rangi kukatika ndilo linalofanya shada lionekane la mabaki; rangi zikichanganywa tangu fundo la kwanza, hakuna atakayejua kwamba hukuzinunua kwa makusudi hayo.

Vitambaa vya pamba hukaa vizuri na kingo zake huchakaa kwa namna inayopendeza. Satini hufyatuka kila mara. Mafundo yake hujifungua yenyewe. Trei za mayai nazo zisikupite: kila kikombe cha trei, ukikikata kingo zake kwa mikato minne au mitano na kuvikunja nje, huwa ua, na maua matatu yaliyokaa pamoja upande mmoja chini yanatosha shada zima. Maganda ya mahindi yaliyokauka, yakilowekwa dakika 10 katika maji ya uvuguvugu, hukunjika bila kupasuka na hukauka yakishika umbo uliloyapa.

Kiunzi cha kadibodi kinafaa pia kwa shada la namna hii, lakini kata duara mbili na kuzibandika pamoja huku mistari ya ndani ya kadibodi ya kwanza ikikatizana na ya pili. Mistari ikielekea upande mmoja, kiunzi kitajikunja kama kitabu.

Tunataka kutengeneza shada la Majilio lenye mishumaa minne pamoja na watoto. Lilianzaje, na tufanyeje lisiwe hatari? – Mwalimu wa Shule ya Jumapili

Shada la Majilio, yaani la kipindi cha kungojea Krismasi, kama tunavyolijua huhusishwa na Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyeendesha makao ya watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani. Watoto walikuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika, na mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa: midogo myekundu ya siku za kawaida na minne mikubwa myeupe ya Jumapili. Kila siku uliwashwa mmoja zaidi, watoto wakawa wanahesabu wenyewe. Kwa hiyo mkisema mnalitengeneza na watoto, kwa vifaa vilivyokuwa vimelala bila kazi, mnalirudisha lilikotoka. Majani ya kijani yaliongezwa baadaye, na mishumaa ya kila siku ikaachwa ikabaki ile minne. Katika makanisa mengi mitatu ni ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, unaowashwa Jumapili ya tatu. Wengine hutumia minne myekundu au myeupe.

Shada hili hulazwa mezani, wala haliningʼinizwi, na hapo ndipo pana ugumu wake. Majilio huanza Jumapili iliyo kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo hudumu siku 22 hadi 28. Hakuna jani lililokatwa litakalobaki bichi ndani ya nyumba muda wote huo, na mishumaa mingi zaidi huwaka kadiri majani yanavyozidi kukauka: Jumapili ya nne, mioto yote minne inawaka juu ya majani yaliyo makavu kuliko wakati mwingine wowote. Mkaratusi niliousifu pale juu una mafuta yanayoshika moto upesi. Huku usiutumie, na msonobari pia uuache.

Ningefanya hivi. Mishumaa isimamishwe kwenye vifuniko vya chuma vya chupa za jamu, vilivyokaa kwenye sinia au sahani kubwa isiyoshika moto, na shada lizunguke nje ya sinia hiyo badala ya kubeba mishumaa juu yake. Iwe minene na mifupi, maana mirefu na myembamba huanguka mtoto akigusa meza. Majani yabadilishwe baada ya Jumapili ya pili. Mtu mzima awepo muda wote mwali unapowaka, na maji yawe karibu. Kwa kundi la watoto wadogo sana, taa ndogo za betri hazina aibu yoyote.

Mtakapofika Jumapili ya nne, mtaona mishumaa imesimama kama ngazi, ule wa kwanza ukiwa mfupi kuliko yote kwa sababu umewaka mara nne. Usiinunue mipya ili ilingane. Watoto huipenda ngazi hiyo na huisoma bila kufundishwa.

Nikisikia neno "shada" nafikiria kaburi. Je, si vibaya kulitundika mlangoni wakati wa furaha? – Msomaji mwenye wasiwasi

Neno limezoeleka zaidi msibani, ni kweli, lakini tangu kale mduara wa majani haukuwa wa msiba peke yake. Wagiriki wa kale waliwavika washindi wa michezo ya Olimpia mduara wa matawi ya mzeituni mwitu, na Waroma wakawavika majemadari walioshinda vita majani ya mti wa laureli. Likikusumbua bado, liite taji.

Mlango wangu una upana wa sentimita 85. Shada liwe na ukubwa gani, na baada ya sikukuu nilihifadhi vipi? – Msomaji wa muda mrefu

Kati ya nusu na theluthi mbili ya upana wa mlango, yaani sentimita 43 hadi 57 kwa mlango wako, ukipima mpaka ncha za majani. Kumbuka kwamba majani huongeza sentimita 7 au 8 kila upande wa kiunzi, kwa hiyo kiunzi cha sentimita 30 kinakutosha. Kulitundika bila kutoboa upande wa nje wa mlango, pitisha utepe mpana juu ya ubao wa mlango na uubane upande wa ndani kwa pini za kubania karatasi.

Sikukuu zikiisha, lilaze juu ya gazeti na kuukata ule waya mmoja mrefu ulioufungia. Ukiwa hukuukata njiani wakati wa kufunga, utatoka wote kwa mkupuo na majani yataachia yenyewe. Majani yasiyopakwa rangi wala vimetameta huenda kwenye mboji, yale yaliyopakwa yasiende huko wala motoni. Koni, vifungo na maua ya trei vitie kwenye boksi lenye karatasi kavu, na usitumie mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa sababu unyevu kidogo uliobaki utaleta ukungu. Kiunzi kitundike ukutani stoo pamoja na kitambaa chake. Mwaka ujao kabla ya kukitumia, kibonyeze kuzunguka pande zote kwa vidole. Palipolegea, kaza waya hapo kwanza ndipo ukachume majani.